Vyombo vya Bi Harusi na Vigae vya Bibi Zetu

Dada zetu wa Unguja, Pemba, Mafia na popote mlipo.

Ni sisi tena, mafundi wenu wa Kwa Mrombo, Arusha. Mmezoea tukiwaandikia habari za mashela, lesi na vipimo. Leo kitambaa tunakiweka pembeni, tuzungumze vyombo. Kila bi harusi anayetutumia vipimo vyake siku hizi, mazungumzo yakikaribia kwisha hugeukia huko: seti ya sahani, mabakuli, vikombe, hotipoti, na nani kanunua nini kutoka wapi. Wengi wanadhani mashindano haya yameletwa na simu na mitandao. Hapana. Pwani yetu imekuwa ikinunua vyombo vya ng'ambo na kuvipanga wageni wavione kwa zaidi ya miaka 1,000. Na wakati wote huo kulikuwa na chombo kingine, cha udongo wa nyumbani, ambacho ndicho hasa kilichowalisha watu. Tumejifunza haya kwa wanaakiolojia, yaani watu wanaochimba na kusoma mabaki ya watu wa kale, na tumeona si vizuri tubaki nayo peke yetu.

Nguo huoza, kigae hakiozi

Sisi wa cherehani ukweli huu unatuuma kidogo, lakini tuuseme. Shela tunalolishona kwa wiki mbili, likikaa ardhini kwenye joto na unyevu wa nchi yetu halichukui muda linakuwa udongo. Mkeka huoza. Mbao huliwa na mchwa. Chuma huliwa na kutu. Lakini udongo ukishapita motoni umekuwa kitu kingine. Chungu kikivunjika hakifai tena kwa mchuzi, ila vipande vyake, yaani vigae, vinaweza kulala chini miaka 2,000 na vikatoka vikiwa na mistari ileile ambayo mfinyanzi aliichora kwa ncha ya kijiti.

Ndiyo maana bibi zetu wa kale tunawajua kwa vyungu vyao kuliko kwa mavazi yao. Hawakuacha vitabu, wala majina yao hayakuandikwa popote. Waliacha vigae jalalani, na leo jalala hilo ndilo daftari.

Nasi Waislamu udongo si jambo la kudharau. Katika Surat Ar-Rahmaan Mola wetu anatukumbusha kwamba asili ya mwanadamu ni udongo mkavu, na ameufananisha na ule wa mfinyanzi. Na mara nyingi ndani ya Qur'an tumehimizwa kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Anayeokota kigae na kukizingatia anafanya sehemu ya kazi hiyo.

Kigae kinasomwaje?

Ukituletea gauni tukutengenezee, hatulitazami mbele tu. Tunaligeuza ndani. Tunaangalia mshono, ovaloki, na namna bitana ilivyoshikizwa. Hapo tunajua limetoka kiwandani au mtaani, na kama ni la mtaani mara nyingine tunamjua na fundi mwenyewe. Mwanaakiolojia naye hukigeuza kigae vivyo hivyo.

Kwanza hutazama masizi. Kigae chenye masizi upande wa nje kimetoka kwenye chungu kilichokaa jikoni. Kisicho na masizi huenda kilikuwa mtungi wa maji au bakuli la kupakulia. Kisha hutazama mdomo wa chombo. Hata ukiwa na kipande kidogo cha ukingo, ule mkunjo wake ukiuweka juu ya karatasi yenye miduara ya vipimo, unajua mdomo mzima ulikuwa na upana gani. Ni kama sisi tunavyoweza kukata kola mpya kwa kuona kipande cha ile ya zamani. Mdomo mpana ni wa kupakulia na kula. Shingo nyembamba ni ya kuhifadhia na kubebea.

Baada ya hapo hutazama udongo wenyewe. Mfinyanzi hachukui udongo wowote. Anauchimba, anatoa mawe, anautwanga, anauloweka, anaukanda, na mara nyingi anachanganya mchanga au vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Huo mchanganyiko ndio unaomtaja. Watafiti hukata kipande chembamba mno cha kigae, unene wa milimita 0.03, hata mwanga unapita, wakakiweka chini ya hadubini. Punje za mchanga huonekana, na kila nchi ina punje zake. Udongo wa huku kwetu umetokana na volkano ya Mlima Meru. Udongo wa visiwani kwenu una mchanga wa baharini na mawe ya matumbawe. Chungu kilichofinyangwa huku kikivunjikia huko, hadubini haiwezi kudanganywa. Wengine hutumia mionzi kupima kiasi cha madini ndani ya kigae, na jibu hulinganishwa na udongo wa sehemu mbalimbali. Kwa njia hiyo wanajua chombo kilitengenezwa pale pale au kilisafiri.

Umri unajulikanaje?

Tuonyesheni picha ya harusi isiyo na tarehe. Tukiangalia mabega ya gauni na shela lilivyofungwa, tutawaambia kama ni ya miaka ya 1980 au ya 2000. Vyungu navyo vina mitindo, na mitindo hupita. Mtindo mmoja huanza kwa wachache, ukaenea, ukazoeleka, halafu ukaachwa.

Lakini kujua kipi kilitangulia hakutoshi. Kuna tabaka pia. Watu wakiishi sehemu moja vizazi kwa vizazi, takataka za leo hukaa juu ya takataka za jana. Anayechimba taratibu, akichekecha udongo kwa chekecheo, anakuta vya karibuni juu na vya zamani chini. Pamoja na vigae hukuta vipande vya mkaa wa jikoni, na mkaa una kaboni-14, ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana: kila baada ya miaka 5,730 hivi, nusu yake inakuwa imekwisha. Wakipima iliyobaki wanapata umri wa mkaa, na kwa hiyo umri wa tabaka na vigae vilivyomo. Na bahati ikiwepo, hutokea kauri ya China ambayo wakati wake unajulikana kwa maandishi ya Wachina wenyewe.

Kutoka Kilimanjaro hadi Pemba

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa sote, sisi wa bara na ninyi wa visiwani.

Mwaka 1967 mtafiti Robert Soper alieleza vyungu alivyovikuta Kwale, nyuma ya Mombasa. Vina ukingo uliokatwa pembe pembe na mifereji iliyopitishwa wakati udongo ungali mbichi. Ni vya karne za mwanzo baada ya Nabii Isa, alayhi salaam, na vilitumiwa na wakulima waliojua kufua chuma. Vyungu vya jamii hiyohiyo vimepatikana Usambara, kwenye milima ya Upare, na upande wa Kilimanjaro. Yaani kabla ya kuwepo mji wowote wa mawe pwani, mwanamke wa karibu na bahari na mwanamke wa mlimani walikuwa na vyungu vinavyofanana kama ndugu.

Kisha, kuanzia karne ya 6 au ya 7 hadi kama ya 10, ukaja mtindo mwingine: mitungi na vyungu vyenye shingo, na shingoni pamechorwa pembetatu zilizojazwa mistari. Mtindo huu umeonekana kuanzia Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na Unguja na Pemba vimo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuandikia kitabu mwaka 1994. Wala haukuishia ufukweni. Dakawa, karibu na Morogoro, yapata kilomita 200 kutoka baharini, watafiti walikuta vyungu hivyo pamoja na mabaki ya kufua chuma. Jonathan Walz, aliyefuata bonde la mto Pangani kuelekea bara, aliukuta ndani kabisa, na pamoja nao vitu vilivyotoka baharini. Njia ya bara na pwani ni ya kale mno. Misafara ya karne ya 19 tunayoisoma skuli ilipita juu ya nyayo za watu wengine.

Nani aliyejenga miji yetu?

Swali hili limewatesa watu miaka mingi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, aliona miji hii ni kazi ya wafanyabiashara waliotoka ng'ambo na kuweka makazi pwani. Wengi walimfuata. Macho ya wakati huo yalivutwa na vigae vya rangi vya kutoka nje, na vile vya kahawia vya wenyeji vikaonekana si kitu.

Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate huko Lamu. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti wa zamani zaidi, na chini yake mwingine, hadi akafikia kimsikiti kidogo cha miti cha karne ya 8. Subhanallah, watu waliswali pale pale, kizazi baada ya kizazi, wakijenga kila mara kwa nguvu walizonazo. Na katika tabaka zote, kuanzia ya chini kabisa, vigae vilivyojaa ni vya vyungu vya wenyeji, na mtindo unabadilika polepole bila kukatika. Hakuna siku ambayo watu wa huku waliondoka jikoni wakaingia wengine.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani. Ulionyesha kwamba kuanzia kama mwaka 1000 damu za Afrika na Asia zilichanganyika, na kwa sehemu kubwa upande wa baba wa nje ulikuwa wa Kiajemi, na upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika. Hivyo wanaosimulia babu wa Shirazi hawasemi uongo. Na vyungu navyo havikusema uongo. Babu alikuja na jahazi. Bibi alikuwepo na chungu chake. Asitumie mtu habari hii kumcheka mwenzake kwa nasaba. Sote tumetoka kwenye udongo mmoja.

Kwamba wafinyanzi hao walikuwa wanawake, kigae chenyewe hakiandiki. Wanaakiolojia wanalisema kwa kutazama wafinyanzi wa karibuni: katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na huifanya bila gurudumu, kwa kuzungusha kamba za udongo au kuuvuta kwa mikono, kulainisha kwa kijiwe au kaka la konokono wa baharini, kukausha kivulini, kisha kuchoma kwa kuni na nyasi mahali pa wazi.

Mkwe na mama mkwe

Katika yote tuliyosoma, hili ndilo lililotufurahisha zaidi, na bi harusi alisikilize vizuri.

Katika miaka ya 1980 Ingrid Herbich na Michael Dietler waliishi na wafinyanzi wa Kijaluo, magharibi mwa Kenya. Ungetegemea binti ajifunze ufinyanzi kwa mama yake. Waliona sivyo. Wengi wao walijifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe na wanawake wenzao waliowakuta kwenye boma la mume. Bi harusi anafika, mikono haijui, anakaa chini ya mkwewe, na baada ya muda vyungu vyake vinafanana na vya pale alipoolewa. Ndiyo maana mtindo wa chungu haufuati ukoo wala kabila moja kwa moja. Unafuata kundi la wanawake wanaoishi karibu na udongo mzuri na kuuza sokoni pamoja.

Kwa wanaakiolojia hilo ni onyo kubwa. Ukikuta vyungu vinavyofanana sehemu mbili, usikimbilie kusema kabila fulani lilihama. Huenda vyungu viliuzwa. Huenda fundi alisafiri. Huenda binti aliolewa, na mikono yake ikaenda naye ikabadilika huko. Kila bi harusi aliyevuka mto au bahari alibeba ujuzi na akapokea ujuzi. Ukiingia kwa wakwe zako na moyo wa kujifunza, dada, unafanya kitu kilichoandikwa hata kwenye udongo.

Bakuli la ng'ambo

Tumefika kwenye yale mabakuli ya kung'aa.

Unguja Ukuu, upande wa kusini wa kisiwa chenu, mtafiti wa Kizanzibari Abdurahman Juma alichimba na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2004. Kuna vigae vya mitungi yenye mpako wa buluu ya kijani, kutoka upande wa Iraki na Uajemi. Kuna vya Changsha, China. Kwa karne nyingi vilifuatiwa na vingine: mabakuli ya Uajemi yenye michoro ya kukwaruzwa, kisha kauri za kijani za Longquan, kisha zile za buluu na nyeupe ambazo mpaka leo kila mtu anazijua.

Vilifikaje? Mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ilipatikana meli iliyozama katika karne ya 9. Haikuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, namna ileile ya mitepe yetu ya zamani. Sisi mafundi tulilipenda hilo: bahari imevukwa kwa mshono. Ndani yake mlikuwa na vyombo kama 60,000, vingi ni mabakuli ya Changsha, mengi yakiwa yamepangwa ndani ya mitungi mikubwa yasivunjike. Bakuli moja lilikuwa na tarehe ya mwaka 826. Biashara ya seti za vyombo kwa shehena haikuanza jana.

Sasa sikilizeni hesabu. Wanaakiolojia wakimwaga vigae vyote mezani na kuvihesabu, katika miji mingi ya pwani vya kutoka nje mara nyingi havizidi 5 kati ya 100. Hata katika miji iliyotajirika kwa bahari. Vile 95 vilivyobaki ni vyungu, mitungi na mabakuli ya wenyeji. Bakuli la ng'ambo lilionekana. Chungu cha nyumbani kilifanya kazi.

Lilionekana wapi? Kwenye karamu. Jeffrey Fleisher, aliyechimba Pemba pamoja na Adria LaViolette huko Tumbe na Chwaka, aliandika mwaka 2010 kwamba karamu zilikuwa njia ya mtu kupata jina na nguvu: anayelisha watu husikilizwa, na bakuli zuri la kupakulia ni sehemu ya maneno yake. Mabakuli yalipachikwa pia kwenye majengo. Msikiti mdogo wa kuba wa Kilwa Kisiwani una mabakuli yaliyojengewa darini. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Kaole nayo yalipambwa kwa kauri, na nyingi zimeshang'olewa, yamebaki mashimo. Lamu, nyumba za wakubwa zilikuwa na zidaka, vishubaka vya chokaa ukutani vya kupangia vyombo, hasa chumba cha ndani cha wanawake.

Linda Donley-Reid, aliyetafiti nyumba hizo, alielezwa kwamba vyombo hivyo viliaminiwa pia kuwa kinga ya jicho baya. Hapo sisi tunasema kwa upole: sahani haimkingi mtu. Kinga yetu ni kwa Allah, na nyiradi za asubuhi na jioni hazihitaji kabati. Lakini tunaelewa kilichokuwa moyoni mwa mama yule wa zamani. Alimwogopea binti yake, kama tunavyowaogopea wetu.

Mkopo wa sahani

Na hofu hiyo leo imepata bei. Tuna mteja mmoja, mama wa makamo, aliyechukua mkopo wa aina ile watu wanayoiita kausha damu, ili kabati la mwanawe lisisemwe siku mawifi watakapokuja kutazama vyombo. Seti ya vipande 72 ilinunuliwa. Watu walitazama, wakasifu, wakaondoka. Miezi ikapita, mama bado anapeleka rejesho kila wiki, na cherehani aliyokuwa akishonea mashuka imeshachukuliwa na wakopeshaji. Seti iko kabatini. Binti anapakulia wali kwenye sahani za melamini, maana zile za kioo anaogopa zitavunjika.

Hatumlaumu. Mama yeyote anataka mwanawe aingie kwa watu na heshima. Tunachosema ni kwamba vigae vinatuonyesha bibi zetu walijua kupenda kizuri bila kukipa kazi isiyo yake. Walikuwa na bakuli moja au mawili ya Uajemi, na vyungu tele vya nyumbani. Kama wapo waliojiumiza kwa ajili ya bakuli, udongo haukutuambia, ila tunajua wanadamu ni walewale. Mola wetu ametukataza ubadhirifu kwa maneno mazito, na dini yetu imehimiza wepesi katika ndoa. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliisema vibaya walima wanayoitiwa wenye nacho na kuachwa maskini. Hakuuliza sahani zimetoka wapi.

Tufanye nini basi?

Haya ndiyo tunayowashauri maharusi wetu, na mama zao.

Kwanza, nunua kizuri kwa pesa uliyonayo mkononi. Bakuli moja zuri la kuwapakulia wageni linatosha kuanzia. Mengine yatakuja, in shaa Allah.

Pili, kwenye vyombo vyako tia chungu cha udongo. Wali wa nazi uliopaliwa makaa juu, au mchuzi wa samaki uliotulia ndani ya chungu, hauna mfano. Tia na chetezo cha udongo kwa ajili ya udi. Hapa Kwa Mrombo kuna mama wa Kipare anayeuza vyungu kando ya barabara. Ametufundisha kuchagua: kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikilia butu kina ufa usiouona. Visiwani kwenu wapo wafinyanzi wanawake pia. Watafuteni muwaungishe, kwa sababu sufuria na plastiki zimewaondolea wateja, na mikono hii ikiachwa bila mwanafunzi ndiyo mwisho wake.

Tatu, waulizeni bibi zenu majina. Chungu hiki kinaitwaje, kile cha kuchomea mkate kinaitwaje, mfuniko wake je, na udongo ulichimbwa wapi. Andikeni. Watafiti wanakuta vigae lakini jina lililosemwa jikoni hawawezi kulichimba.

Nne, ukiona vigae vya kale ufukweni, shambani au kwenye magofu, usiviokote kupambia sebule wala kumuuzia mtalii. Kigae kikitolewa kwenye tabaka lake kimenyang'anywa umri wake. Ni sawa na kukata lebo, vifungo na mshono wa gauni ukatuletea kitambaa tupu utuulize nani alishona. Toa taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale. Sheria inavilinda, na makaburi ya Waislamu yaliyong'olewa mabakuli yake ni haki tutakayoulizwa.

Tano, usitupe kitu kwa haraka. Huko Tumbe, Pemba, kati ya karne ya 7 na ya 10, watu walichukua vigae vya vyungu vilivyovunjika wakavitumia kusagia makombe ya pwani hadi yakawa shanga. Wachimbaji walikuta maelfu ya vigae vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusagia. Chungu kimekufa, kikazaa shanga za shingoni mwa bi harusi. Sisi tunaotunza vipande vya lesi kwenye mfuko chini ya meza tuliposoma hayo tulitazamana tukacheka, maana tuliwatambua wenzetu.

Dada mpendwa unayejiandaa, vyombo vyako vitavunjika, kimoja kimoja, kwa mkono wako au wa mtoto utakayeruzukiwa. Hilo halina huzuni. Omba tu kwamba kabla havijavunjika viwe vimelisha jirani, vimefuturisha mfungaji, vimempelekea mgonjwa uji. Mola azijaalie ndoa zenu kuwa na utulivu, mapenzi na huruma, awafungulie mama zenu wenye madeni, na awarehemu bibi zetu wote ambao majina yao hatuyajui ila alama za vidole vyao bado zipo kwenye udongo. Aamin.